Vigae Vilivyogoma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti wa fundi cherehani alikuwa na kazi zake: kufagia vipande vya nguo chini ya meza ya mama, kuokota pini kwa sumaku, na kutundika ukutani karatasi za kukatia nguo. Mtu mwingine angefanya kazi hizo kwa utulivu. Yeye alizifanya mbiombio, fagio likitimua vumbi na pini nyingine zikibaki pale pale zilipoangukia. Ndiyo maana bibi yake alimbandika jina la Chapuchapu, na jina likamganda. Hata shuleni, jina lake halisi lilikumbukwa siku za mtihani tu.

"Umekunywa chai umesimama tena," mama alisema bila kuinua macho kwenye mshono.

"Nimechelewa, mama. Leo kuna wageni darasani. Walimu wa hesabu wa shule nyingine wanakuja na mkaguzi kutazama tunavyofundishwa."

"Basi angalau vaa soksi zinazofanana."

Chapuchapu aliinamisha kichwa, akajitazama miguu, akacheka. Alibadilisha soksi moja, akabeba mfuko, akatoka mbio.

Ugeni huo haukuwa wa kawaida. Mwalimu wa hesabu wa darasa lao alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye sauti ya chini na tabia iliyowaudhi baadhi ya wenzake: alikuwa mgumu wa kutoa majibu. Ukimuuliza swali, anakurudishia swali. Alikuwa akiingia darasani na kamba, vijiti na vipande vya kadibodi, akiwaacha wanafunzi wajaribu, wakosee, wabishane, kisha wagundue wenyewe. Katika chumba cha walimu walisema anacheza na watoto. Lakini Chapuchapu, ambaye zamani alilikimbia neno hesabu, siku hizi alilisubiri somo hilo kwa hamu.

Mwalimu hakuwaficha wanafunzi wake kitu. "Mkaguzi anataka kuona kama njia hii ina maana," aliwaambia. "Somo likienda vizuri, nitaendesha semina ya walimu wote wa hesabu, nao wajifunze kufundisha hivi. Likienda vibaya, tutaambiwa sote turudi kwenye ubao na kukariri. Kwa hiyo njooni mkiwa mmelala vizuri."

Kwa somo hilo vilihitajika vigae vingi vya kadibodi vyenye umbo moja. Mwalimu alichora pembenne ya ajabu, isiyo mraba wala mstatili, upande mmoja mrefu, mwingine mfupi, pembe zake kila moja na ukubwa wake. Umbo lenyewe lilikuwa limekaa benibeni, ungedhani limekaliwa na tembo. Alilikata likawa kiolezo, akakiandikia herufi upande wa juu. Kisha akampa Chapuchapu kiolezo hicho pamoja na kadibodi zilizopakwa rangi ya buluu upande mmoja, kwa kuwa binti wa fundi cherehani alijua kushika mkasi kuliko wenzake wote.

"Weka kiolezo juu ya upande wa buluu, herufi zikutazame, chora, kata," mwalimu alimwelekeza. "Unaweza kukizungusha upendavyo. Ila usikigeuze chini juu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Na kweli alielewa. Alianza vizuri pia. Lakini jioni ile kabla ya ugeni wenzake walikuwa uwanjani wanacheza mpira, sauti zao zikiingia dirishani, na mkono wake ukaanza kukimbia kuliko akili. Kila alipofika ukingoni mwa kadibodi na kuona pengo, alikipindua kiolezo ili kitoshe. Ni mazoea ya nyumbani. Kwa mama, ukishakata mkono wa kulia wa shati, unaigeuza karatasi na kukata wa kushoto, na hakuna kitambaa kinachopotea bure. Mara mbili tatu alikumbuka onyo la mwalimu, akajisemea kwamba kigae ni kigae. Alimaliza mapema, akavichanganya vyote kwenye boksi moja, akawahi kipindi cha pili cha mchezo.

Asubuhi ya ugeni, darasa lilikuwa limefagiwa hadi pembeni. Walimu wageni walipanga viti ukutani, na mkaguzi, mzee nadhifu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikaa karibu na mlango. Mwalimu mkuu alikaa naye, akitabasamu tabasamu la mtu anayeomba mambo yasiharibike.

"Fundi anataka kufunika sakafu kwa vigae hivi," mwalimu aliwaambia wanafunzi, akiinua kigae kimoja. "Hataki pengo hata dogo, wala kigae kupanda juu ya mwenzake. Je, umbo hili la benibeni linaweza? Uso wa buluu ukae juu daima. Jaribuni, kisha mtuambie kwa nini linaweza au kwa nini haliwezi."

Makundi yakaanza kazi. Chapuchapu alikaa na wenzake wawili. Mmoja alikuwa mvulana aliyeitwa Maswali, na sababu ya jina hilo ungeijua baada ya kukaa naye dakika moja. Mwingine alikuwa msichana mkimya ambaye wote walimwita Dada Pole.

Vigae vya kwanza vilikubali. Upande mrefu ulikaa na upande mrefu, mfupi na mfupi, na Maswali akaanza kupiga mluzi. Kisha kigae kimoja kikagoma. Walikizungusha huku, kikaacha pengo. Wakakizungusha kule, kikampanda jirani yake. Wakakiweka kando, wakachukua kingine. Hicho kikakaa, kinachofuata kikagoma.

"Kwani vyote si vimetoka kwenye kiolezo kimoja?" Maswali aliuliza. "Mbona hiki kina kiburi?"

Chapuchapu alicheka, lakini hali ilikuwa ile ile kwenye kila meza. Kundi la dirishani lilibomoa kazi yake na kuanza upya. Kundi la mbele lilikuwa limeanza kugombana. Mtoto mmoja aliinua mkono na kusema haiwezekani, na walimu wawili wageni wakatazamana. Mwalimu alipita meza hadi meza. Mwanzoni alikuwa mtulivu, kwa sababu kukwama ni sehemu ya somo lake. Kadiri muda ulivyokwenda, Chapuchapu alimwona akifuta viganja vyake kwenye sketi.

Mwalimu aliinama kwenye meza yao, akamnong'oneza, "Chapuchapu, kile kiolezo hukukigeuza wakati wa kukata?"

Swali lilikuwa fupi na jibu lake lilikuwa fupi zaidi. Lakini mkaguzi alikuwa anatazama, mwalimu mkuu anatazama, na ulimi wa Chapuchapu ukakimbia kama kawaida yake.

"Sikukigeuza, mwalimu."

Mwalimu alimwamini. Alinyooka, akaenda kwenye meza yake, akatoa rula na kuanza kupima kiolezo chake mwenyewe, upande kwa upande, akidhani labda yeye ndiye aliyekosea kuchora. Alipima, akapima tena. Hakukuwa na kosa. Alibaki amesimama, rula mkononi, darasa zima likimsubiri, na kwa mara ya kwanza Chapuchapu alimwona mtu mzima ambaye hajui la kufanya.

Chapuchapu alichukua kigae kilichogoma akakiweka juu ya kilichokubali. Havikulingana. Alivizungusha kila upande, wapi. Vilikuwa kama mkono wa kulia na wa kushoto wa shati moja: vipimo vile vile, lakini huwezi kushona mmoja mahali pa mwingine. Hapo akajua. Kila kigae alichokata kwa kukipindua kiolezo kilikuwa kimelala kwenye boksi lile, kimechanganyika na wenzake, na hakuna meza iliyosalimika.

Alitaka kusema. Angesemaje sasa, baada ya kukana? Bila kufikiri, vidole vyake vikakigeuza kile kigae, uso wa kahawia juu, vikakisukuma kwenye pengo. Kikaingia kikatulia.

"Mbona umekigeuza?" Maswali aliuliza kwa sauti iliyofika hadi ukutani. "Si tumeambiwa buluu juu?"

Mkaguzi alivaa miwani yake, akainuka, akaja. Walimu wageni wakamfuata. Dada Pole, ambaye hakuwa mtu wa kusubiri kuambiwa, alikwisha kugeuza kigae kingine kilichogoma, nacho kikakaa. Kisha kingine. Dakika chache baadaye meza yao ilikuwa imefunikwa buluu na kahawia, bila pengo hata la kupitisha kucha.

"Ahaa," mkaguzi alisema. "Kumbe vigae vilikatwa ovyo, vingine vimepinduka. Mwanangu, umejuaje?"

"Nilijaribu tu," Chapuchapu alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa wepesi wake.

"Mnaona?" mkaguzi aliwageukia wageni. "Mtoto amegundua kosa la mwalimu wake. Mpigieni makofi."

Darasa likapiga makofi. Maswali alimpiga mgongoni. Chapuchapu alitabasamu kwa sababu hakujua uso wake aufanye nini. Aliona makofi yale yanamwangukia kama maji ya baridi, na hakuwa na pa kujificha.

Mkaguzi alimgeukia mwalimu. Hakupandisha sauti, na pengine ingekuwa afadhali angepandisha. "Mwalimu, maandalizi ni nusu ya somo. Watoto wamepoteza asubuhi nzima. Hivi vigae nani alivikagua?"

Mwalimu alimtazama Chapuchapu, kidogo tu. Kisha akamjibu mkaguzi. "Kuvikagua kulikuwa kazi yangu, mzee. Sikuvikagua."

"Kama hivi ndivyo ilivyo, habari ya semina tutaitazama upya."

Mwalimu aliitika kwa kichwa. Alirudi mbele, akaendelea na somo kama alivyoweza. Aliwauliza wanafunzi ni pembe zipi zinakutana mahali pamoja, na Dada Pole akaonyesha kwamba katika kila makutano ya vigae zinakutana pembe zote nne za kigae, moja moja, na kwamba zikijumlishwa zinajaza mzunguko mzima. Lilikuwa jibu zuri mno, lile lile ambalo mwalimu alikuwa amelipangia asubuhi yote. Lakini muda ulikuwa umekwisha na wageni walikuwa tayari wanakusanya mifuko yao.

Mapumziko yalipofika, wanafunzi walitoka uwanjani. Chapuchapu hakutoka. Alikaa mbele ya vile vigae, akivitazama. Alijiambia kwamba mambo yamekwisha, vigae vimekaa, hakuna aliyeumia. Kisha akamkumbuka mwalimu na ile rula, na akajua kwamba aliyeumia yupo. Angefanya nini? Yeye ni mtoto, na wale ni wakubwa, na maamuzi yao yalikuwa yamekwishafanywa katika lugha ya wakubwa, kwa upole na bila kelele. Alilia kidogo pale pale, akajifuta kwa kola ya shati. Halafu akapiga moyo konde, akachukua vigae viwili, akaenda.

Mlango wa chumba cha walimu ulikuwa wazi. Wageni walikuwa wanakunywa chai wakiongea wote kwa pamoja. Chapuchapu alibisha hodi. Hakuna aliyesikia. Alibisha tena, na mwalimu mkuu akamwashiria kwa mkono kwamba arudi baadaye. Alisimama kizingitini. Kurudi ingekuwa rahisi, na safari hii hakuna ambaye angemlaumu, maana ameambiwa arudi.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Wageni wakageuka.

"Marahaba," mkaguzi alijibu. "Kumbe ni mgunduzi wetu. Sema, mwanangu."

"Sikugundua kitu. Mimi ndiye niliyevikata." Alinyoosha mkono wenye vigae viwili. "Mwalimu alinikataza kugeuza kiolezo. Nikakigeuza kwa sababu nilitaka kuwahi mpira. Halafu aliniuliza pale darasani, nikamwambia sikukigeuza. Angejua mapema, angetuambia tuvigeuze. Kosa si lake."

Mkaguzi aliweka kikombe chake mezani polepole, akamgeukia mwalimu wa hesabu, aliyekuwa amekaa peke yake karibu na kabati.

"Ulijua?"

"Nilipoona vinakubali baada ya kugeuzwa, nilijua," mwalimu alisema.

"Na ukaniacha nikuseme mbele ya watu?"

"Ningesema, ningekuwa namtupia mtoto lawama mbele ya walimu wote hawa. Na ni kweli kwamba sikuvikagua. Hilo ni langu, sina wa kumpa."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Mmoja wa walimu wageni, kijana aliyekuwa amekaa kimya tangu asubuhi, alivichukua vile vigae viwili mikononi mwa Chapuchapu, akavilaza mezani kati ya vikombe, kimoja hivi, kingine vile.

"Lakini subirini," alisema. "Vikichanganywa hivi, bila kugeuzwa, vinashindwa kila mara? Au kuna namna ya kuvipanga?"

"Haiwezekani," mwalimu mwingine alisema.

"Umejaribu?"

Akatumwa mtu kuleta boksi. Vikombe vikasogezwa, na walimu wazima waliokuwa wamefunga mifuko yao wakaanza kupanga vigae juu ya meza ya chai, wakibishana kuliko watoto. Mkaguzi alisimama nyuma yao, mikono mgongoni. Baadaye naye akanyoosha kidole na kusema, "Hapana, kizungushe hicho." Hakikukaa. Walijaribu namna kadhaa, zote zikakwama baada ya hatua chache, na bado hakuna aliyekuwa tayari kuapa kwamba haiwezekani.

"Wajua," mkaguzi alimwambia mwalimu wa hesabu, "sijawaona walimu wakigombania hesabu namna hii tangu nianze kazi. Semina utaiendesha wewe. Na boksi hili uje nalo hivi lilivyo, na swali hili hili." Kisha akamtazama Chapuchapu kwa jicho lisilo kali wala laini. "Wewe niliagiza upigiwe makofi. Yalikuwa si yako."

"Ndiyo, mzee."

Mwalimu alimshika Chapuchapu bega, akatoka naye hadi barazani. Msichana alisubiri kukemewa. Alikuwa amejiandaa kukemewa, na kwa hakika alitamani iwe hivyo, maana karipio lingeisha upesi. Mwalimu alikaa kwenye ngazi, akamwashiria akae.

"Kukata vibaya hutokea," alisema. "Ulikimbilia mpira, nami nikakimbilia mambo mengine nisivikague. Tulikuwa wawili. Kosa lile tungelitengeneza kwa kugeuza vigae tu. Lakini nilipokuuliza, ukanijibu vile, ulinifungia mlango. Nikaanza kutafuta kosa mahali ambapo halipo, na darasa zima likatafuta pamoja nami. Ndiyo hasara ya uongo, mwanangu. Unawaacha watu wakihangaika gizani na taa unayo wewe."

Chapuchapu akaomba msamaha. Mwalimu alingoja hadi aliposema lote.

"Nimekusamehe. Ila mimi si mtu wa mwisho. Dada Pole na Maswali walikupigia makofi yasiyo yako, na wenzako wa meza nyingine wanajiona wajinga kwa kushindwa. Bado wanaamini hivyo hadi sasa."

"Nikawaambie leo?"

"Wewe unaonaje?"

Lilikuwa swali kama maswali yake yote, na kama kawaida hakuongeza neno.

Kengele ililia. Wanafunzi waliingia darasani wakihema, jasho likiwatiririka, wakisukumana kwenye madawati. Chapuchapu aliingia wa mwisho. Hakwenda kwenye nafasi yake. Alisimama mbele, karibu na ubao, akasubiri kelele zipungue, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuharakisha.

"Nina jambo la kuwaambia," alisema. "Hamkushindwa nyinyi. Vigae nilivikata vibaya mimi, na mwalimu aliponiuliza nikamdanganya."

Maswali alikuwa na mkono juu tayari. Alimtazama Chapuchapu usoni, kisha akaushusha taratibu bila kuuliza kitu.